Delestaji si kadenasi

Siku ya Posho nilikuwa juu ya meza, natosha duyi ya zamani mu plafo ya saluni. Tangu asubuhi hakukuwa kura ya umeme mu kartie yetu, nikasema moyoni: hii ndiyo saa nzuri ya kubadilisha lampe. Bibi yangu akaniuliza:

— Baba, ulishakata dijonkteri?

— Kura haiko, mama. Nikate nini tena?

Hakunijibu. Akaenda akaikata yeye mwenyewe. Hazikupita dakika kumi, redio ya jirani ikaanza kulia. Na miye mikononi nilikuwa na fili mbili zisizo na ngozi.

Ndugu wachimbaji, nilipata haya. Miye ndiye ninayesimama mu mikutano ya sendika kuwaambia vijana: hakuna mutu kugusa mashine kama kadenasi yake haiko ku kofre na ufunguo mufukoni mwake. Kule tunaita konsinyasio. Nyumbani tunaiacha ku mulango pamoja na bote.

Sasa nasema kinyume cha watu wengi: kazi hii ufanye wakati kura iko, si wakati wa delestaji. Kwa nini? Juu utaweza kujaribu testeri yako. Iguse kwanza ku prizi yenye kura, ione kama inawaka. Kiisha kata dijonkteri, bandika kartasi "mutu asiguse", wajulishe batoto. Panda juu, acha enterupteri ikiwa imewashwa, gusa fili moja moja. Ukishuka, rudisha kura kidogo ujaribu testeri tena ku prizi, kwa maana testeri iliyokufa nayo haiwaki. Kiisha kata tena ndipo uanze kazi.

Enterupteri peke yake haitoshi. Inakata fili moja tu, na mu nyumba za kambi zilizopita mu mikono mingi, inaweza kuwa ile ya nötre. Faze inabaki inakungojea mu plafo. Na dijonkteri ya ampere 10 inalinda fili, hailindi mutu: kwa volti 220, sehemu ndogo sana ya ampere 1 inaua.

Mu fili mupya, blë ni nötre, manjano na majani mabichi ni tere, faze ni maro, nyeusi ao nyekundu. Mu nyumba za zamani usiamini rangi, amini testeri. Faze inayotoka ku enterupteri iende ku kile kipande cha katikati, chini ya duyi. Ukiiweka ku visi ya pembeni, siku mama anabadilisha ampuli vidole vyake vitaigusa. Kama lampe ni ya chuma, tere ifungwe ku chuma. Tere haiko? Nunua lampe ya plastiki. Ungia fili mu domino, si kwa kuzikunja na kufunika na sashe. Na lampe nzito itundikwe ku ndoano, fili si kamba.

Miye sikumaliza. Ngozi ya fili zangu ilivunjika kama majani makavu nilipoikunja, na hapo hakuna domino inayosaidia. Nikafunga ncha zake, kila moja mu domino yake, nikashuka. Lampe mupya ingali mu kartoni. Elektrisie atakuja Posho ijayo na fili za milimeta 1,5, na bibi yangu amesema ufunguo wa kofre utakaa kwake.