Kanda Isiyouzwa Ndiyo Iliyodumu

Ninayo kanda moja ambayo kila niionapo hunitia haya. Juu yake nimeandika kwa wino wa buluu: Bembelezi za nyanya mzaa mama. Ndani yake hamna bembelezi. Mna matangazo ya mpira. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili, nikakosa kanda tupu, nikarekodi redio juu ya sauti yake. Leo nyanya ni marehemu, wala sauti yake haipo popote.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya niwastahi mashabiki wa Grateful Dead, bendi ya roki iliyoanzishwa California, Marekani, mwaka 1965. Katika miaka 30 ilifanya maonyesho zaidi ya 2,000, na wimbo ule ule uligeuka kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Mashabiki walitambua kwamba santuri za madukani zisingeyahifadhi hayo yote, wakaenda ukumbini na vinasa sauti. Bendi ingeweza kuwafukuza. Badala yake, mwaka 1984 iliwatengea tiketi na mahali pao, nyuma ya meza ya mitambo ya sauti.

Sharti lilikuwa wazi: kubadilishana ruksa, kuuza marufuku. Asiyekuwa na chochote cha kubadilisha alituma kanda tupu na gharama ya posta, akarekodiwa. Juu ya jalada paliandikwa mji, ukumbi, tarehe na orodha ya nyimbo. Wengine walitaja hata ni nakala ya ngapi, kwa kuwa kila nakala ya nakala huzidisha mvumo. Mali bila daftari, wahenga walinena, hupotea bila habari.

Yamkini msomaji atanijibu kwamba kunakili kazi ya msanii ni wizi. Naam, ni wizi pasipo idhini, nami siutetei. Hapa wenye kazi ndio walioruhusu, wala hawakufilisika: mwanzoni mwa miaka ya 1990 maonyesho yao yalikuwa miongoni mwa yaliyoingiza fedha nyingi zaidi nchini Marekani. Mpiga gitaa Jerry Garcia alifariki mwaka 1995 na bendi ikavunjika. Hata hivyo, rekodi ya onyesho lao la Mei 8, 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell, iliyopita mikononi mwa mashabiki kwa miaka mingi, iliingizwa na Maktaba ya Bunge ya Marekani katika orodha ya mwaka 2011 ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa.

Walimu wenzangu, sisi hufundisha kwamba fasihi simulizi huishi katika utendaji, na kwamba fanani hatambi ngano moja kwa namna moja mara mbili. Wanafunzi huliandika hilo katika mtihani, wakapata alama, kisha ajuza aliye jirani na shule akazikwa na ngano zake. Simu iliyo mfukoni mwako ina kinasa sauti. Mwombe fanani idhini, andika jina lake, mahali na tarehe. Mpe nakala yake, nayo shule jirani uipe ya kwake. Usiuze.

Kanda yangu ningali ninayo. Huwaonyesha wanafunzi jalada lake, kisha nikawachezea kilichomo. Hucheka wamsikiapo mtangazaji akishangilia bao. Mimi hungoja kicheko kiishe, ndipo niwaulize ni nani kati yao ambaye nyanya yake yu hai.