Kompyuta ya Maabara Inapozima Katikati ya Kipimo

Mtu wa Kisegi, kule Gwassi katika kaunti ya Homa Bay, akikohoa mfululizo huambiwa atoe makohozi. Siku hizi nchini Kenya kipimo kinachopendelewa ni GeneXpert, mashine iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010. Kwa muda wa saa mbili hivi huonyesha kama mgonjwa ana kifua kikuu, na kama vijidudu vyake ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi, na kwao kifua kikuu huua upesi. Kuchelewa kwa majibu kuna gharama ya uhai.

Mashine yenyewe ni sanduku lenye moduli, mara nyingi nne, zinazopasha joto sampuli iliyo ndani ya katriji, kuipoza na kusoma mwanga unaotokea. Amri hutoka kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows iliyounganishwa nayo kwa kebo, na majibu huhifadhiwa humohumo. Kompyuta hiyo ikizima kipimo kikiwa njiani, katriji iliyokwisha kuanza kazi haitumiki tena. Makohozi yaliyochanganywa na dawa ya kuyalainisha nayo hudumu saa chache tu. Zikipita, mgonjwa ataitwa upya, na nauli ni yake.

Ndiyo maana namsihi mtu wa maabara asikimbilie kuiwasha kompyuta upya. Asome skrini kwanza. Programu ya GeneXpert hutenganisha aina tatu za kushindwa. Kipimo kinaweza kuwa batili: kidhibiti kilichomo ndani ya katriji hakikuonekana, na hapo sampuli au maandalizi yake ndiyo ya kushukiwa. Kinaweza kuonyesha kosa, kwa mfano shinikizo ndani ya katriji lilipita kiasi au moduli imepoteza mawasiliano. Nambari ya kosa iandikwe kama ilivyo. Au programu itasema hakuna matokeo, yaani data haikukamilika, kama inavyotokea mtu anaposimamisha kipimo au stima inapopotea.

Windows nayo huacha ushahidi. Kwenye daftari lake la matukio, nambari 41 ya Kernel-Power humaanisha kompyuta iliwaka tena bila kuzimwa ipasavyo. Ukifungua undani wake ukakuta msimbo wa kosa ni sifuri, shuku umeme kwanza, au joto lililoifanya ikatike ghafla. Ukiwa na nambari nyingine, Windows yenyewe ilianguka: tazama kumbukumbu, diski, au kiendeshi kilichosakinishwa karibuni.

Umeme una nafasi yake ya pekee hapa. Bonde la Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. UPS, kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika, ipo katika maabara nyingi, ila betri yake huchakaa kimyakimya huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka. Ichomoe kwenye soketi siku ambayo hakuna kipimo kinachoendelea, uhesabu dakika inazohimili. Isipohimili hata kumalizia kipimo kimoja, betri ibadilishwe.

Vumbi kwenye feni hupandisha joto hadi kompyuta ijizime. Mpangilio wa kulala, uliowekwa kuokoa umeme, unaweza kukata mawasiliano na mashine, uzime kabisa. Flashi zinazobeba ripoti huingiza virusi, na kompyuta nyingi za maabara hazina kinga ya karibuni. Windows XP iliachwa na Microsoft Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, lakini mifumo hiyo bado imo maabara kwa sababu programu ya kifaa ilithibitishwa juu yake. Kuipandisha daraja bila idhini ya mtengenezaji kunaweza kuharibu mawasiliano yake na mashine.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha uandike saa, moduli na kilichokuwa kikifanyika. Akibadilisha kebo, UPS na kumbukumbu siku moja, fundi hatajua kipi kilikuwa kibovu, na tatizo likirudi ataanza upya.

Kabla fundi hajagusa diski, hifadhi nakala ya kanzidata ya majibu kwenye diski ya nje na uhakikishe inafunguka. Akisakinisha Windows upya bila nakala hiyo, kompyuta itapona, lakini majibu ya wagonjwa waliokwisha kupimwa yatapotea.