Mawimbi ya Sauti na Moyo Uliojeruhiwa

Mtu aliyechomwa kisu kifuani aweza kufika hospitali akizungumza, na baada ya nusu saa akafa. Jeraha la nje laweza kuwa dogo kama tundu la kifungo. Hatari imo ndani. Moyo umo katika mfuko mgumu usiotanuka upesi. Damu ikivuja ghafla ndani ya mfuko huo, hata mililita 150 au 200 tu, moyo hubanwa usiweze kujaa wala kusukuma damu mwilini.

Mwaka 1935 daktari wa Kimarekani, Claude Beck, alizitaja dalili tatu za hali hiyo: msukumo wa damu kushuka, mishipa ya shingo kuvimba, na mapigo ya moyo kusikika kwa mbali. Lakini majeruhi wengi hawana dalili zote tatu. Aliyekwisha kumwaga damu nyingi, mishipa yake ya shingo yaweza isivimbe kabisa. Na katika chumba cha majeruhi chenye makelele, ni nani atakayesikia mapigo hafifu?

Hapo ndipo mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu yanapofaa. Mwaka 1953, mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliupima moyo kwa chombo kilichokusudiwa kutafuta nyufa katika vyuma. Siku hizi daktari hukiweka chombo penye chembe cha moyo, na kwa muda mfupi damu huonekana kiooni kama ukanda mweusi kuuzunguka moyo.

Madaktari wa Minneapolis, Marekani, walitoa hesabu yao mwaka 1992. Majeruhi 28 waliopimwa hivyo waligunduliwa kwa wastani wa dakika 15 na nusu, nao wote walipona. Kati ya 21 ambao hawakupimwa, iliyochukua dakika 42, walipona 12. Ni watu wachache, lakini tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo picha yaweza kudanganya. Mfuko ukipasuka, damu humwagikia kifuani upande wa kushoto, na moyo ukaonekana salama. Kwa hiyo penye damu kifuani, kipimo hurudiwa, au daktari wa upasuaji hufungua atazame kwa macho.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki chombo cha namna hii kimezoeleka kwa kuwapima wajawazito. Chaweza pia kuonyesha damu penye moyo, ikiwa mganga wa zamu ya usiku amefundishwa kukitumia, na ikiwa chumba chake hakikufungwa kwa kufuli tangu jioni.