Kona haina huruma: Hesabu ambayo kila dereva na abiria anafaa kuijua

MNAMO Julai 2022, basi lililokuwa limetoka Meru lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, kaunti ya Tharaka Nithi, na zaidi ya watu 30 wakaangamia. Kila ajali ina chanzo chake. Hata hivyo, kila gari linaloingia kwenye kona, liwe zima au bovu, hutii kanuni moja ya fizikia isiyojua kusamehe.

Wengi hudhani kwamba gari likienda kwa kasi ile ile, hakuna kinachobadilika. Dhana hiyo ni sahihi katika barabara iliyonyooka pekee. Mwendo una mambo mawili, yaani kasi na mwelekeo. Katika kona, mwelekeo hubadilika kila nukta hata kama mshale wa spidi umetulia, na mabadiliko hayo huitwa mchapuko. Mchapuko huo huelekea katikati ya duara ambalo kona ni kipande chake. Mwanasayansi wa Uholanzi, Christiaan Huygens, aliifanya hesabu yake mwaka wa 1659 na kuichapisha mwaka wa 1673.

Hesabu yenyewe si ngumu: zidisha kasi kwa kasi, kisha ugawanye kwa nusu ya kipenyo cha duara.

Chukua mfano wa kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50. Duara lake zima lingekuwa na mzingo wa mita 314. Matatu inayokwenda kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11.1 kwa sekunde, ingelizunguka kwa takriban sekunde 28. Muda huo wa mzunguko mmoja ndio huitwa kipindi. Mchapuko wake ni takriban mita 2.5 kwa sekunde kila sekunde.

Dereva akiongeza kasi hadi kilomita 80 kwa saa, kipindi hupungua kwa nusu na kuwa sekunde 14. Mchapuko nao hauongezeki maradufu tu, bali mara nne, hadi kufikia 9.9. Kiasi hicho chapita kidogo kile cha embe linaloanguka kutoka mtini, ambacho ni 9.8.

Je, ni nini kinacholivuta gari kuelekea ndani ya kona? Si usukani wala nguvu za injini. Ni msuguano baina ya tairi na lami. Tairi nzuri juu ya lami kavu huweza kuhimili mchapuko wa karibu 7, na mvua ikinyesha hushuka hadi karibu 4. Kwa hivyo, katika kona ya mfano wetu, mpaka ni takriban kilomita 67 kwa saa wakati wa kiangazi, na 51 pekee wakati wa mvua. Tairi likiwa kipara, mpaka huo hushuka zaidi. Ukivukwa, gari halisukumwi nje na chochote. Huendelea tu kule lilikokuwa likielekea, ilhali barabara imekwisha kupinda.

Wapo wanaoamini kuwa gari lililosheheni haliwezi kuteleza kwa sababu uzito hulikandamiza chini. Ukweli ni kwamba uzito ukiongezeka, msuguano huongezeka, lakini nguvu inayohitajika kulipindisha gari huongezeka kwa kiwango kicho hicho. Mzigo haumpi dereva nafuu yoyote. Ukipangwa juu ya paa huwa hatari zaidi, kwa kuwa gari huweza kupinduka hata kabla ya tairi kuanza kuteleza.

Kanuni zilizoanzishwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, ambazo zilianza kutekelezwa Februari 2004, ziliyalazimu magari ya abiria kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti hicho ni kinga kubwa. Lakini kama hesabu inavyoonyesha, kilomita 80 zinazoruhusiwa katika barabara iliyonyooka zaweza kuwa mauti katika kona kali.

Ndiyo maana wahandisi huinua upande wa nje wa barabara kwenye kona, ili mwinamo usaidiane na msuguano. Ndiyo maana pia dereva hushauriwa kupunguza mwendo kabla ya kuingia konani. Akikanyaga breki akiwa ndani, tairi hulazimika kugawa msuguano ule ule kwa kazi mbili, kusimamisha gari na kulipindisha.

Katika kona ya robo duara kama ile ya mfano wetu, mwendo wa kilomita 40 huchukua sekunde 7, na wa kilomita 80 sekunde 3 na nusu. Anayekimbia kona hiyo hukomboa sekunde 3 na nusu tu. Abiria anayemwomba dereva apunguze mwendo hajamchelewesha mtu.