Mini: Gari dogo la Uingereza lenye somo kwa wanunuzi wa Bagamoyo

MFANYABIASHARA wa Bagamoyo anayenunua Toyota Vitz au IST iliyokwisha kutumika Japani ananunua, pengine bila kujua, mpangilio wa mitambo uliopewa umaarufu na gari dogo la Uingereza liitwalo Mini. Uzuri na udhaifu wa mpangilio huo unafaa kujulikana kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mini ilizinduliwa na kampuni ya BMC Agosti 26, 1959. Chanzo chake ni mgogoro wa Mfereji wa Suez wa mwaka 1956, uliowafanya Waingereza wauziwe petroli kwa mgawo. Mhandisi Alec Issigonis alipewa kazi ya kubuni gari dogo linalokula mafuta kidogo, lakini lenye nafasi ya watu wanne.

Issigonis aliigeuza injini ikakaa kwa upana wa gari badala ya urefu. Gia boksi aliiweka chini ya injini, vyote viwili vikitumia oili moja, na nguvu ikaenda kwenye magurudumu ya mbele. Shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma haikuhitajika tena. Gari lenye urefu wa mita 3 na kidogo likawa na nafasi ya familia na mizigo yake.

Sifa zake zilienea haraka. Mini ilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, na hadi ilipoacha kutengenezwa Oktoba 2000, zaidi ya magari milioni 5 yalikuwa yametoka kiwandani.

Lakini Afrika Mashariki mambo yalikuwa mengine. Mini haikuwahi kushinda Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, aliyeendesha Peugeot 404.

Sababu zinaeleweka. Magurudumu ya Mini yalikuwa ya inchi 10 tu, hivyo shimo dogo kwa gari jingine lilikuwa kubwa kwake. Tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi. Distribyuta ilikaa mbele, mahali ambapo maji ya mvua huingia kirahisi na kuzima injini. Fremu ya chuma inayobeba magurudumu ya nyuma nayo ilijulikana kwa kuliwa na kutu.

Magari madogo ya leo yamerekebisha mengi ya hayo, lakini si yote.

La kwanza ni mzigo. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likijazwa matenga ya samaki nyuma, pua huwa nyepesi, na magurudumu ya mbele huzunguka bure kwenye mchanga, hasa penye mwinuko. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa ana lami hadi Bagamoyo, lakini njia ya kutoka shambani si lami. Akibeba mzigo kila siku, pikapu inayovuta kwa nyuma au kwa magurudumu yote manne itamfaa zaidi.

La pili ni viungo vya ekseli za mbele. Mipira inayovifunika ikipasuka, mchanga huingia na kuvisaga. Kabla ya kununua, kata usukani hadi mwisho, kisha endesha polepole. Ukisikia mlio wa kugonga-gonga, viungo vimekwisha. Punguza bei au acha gari.

La tatu ni kutu. Upepo wa bahari, chumvi na maji ya samaki hula chuma bila kelele. Mnunuzi aingie chini ya gari na tochi, asiridhike na rangi inayong'aa. Akishalinunua, aoshe sehemu za chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya kubeba samaki.

La nne ni oili. Tofauti na Mini, magari haya yana oili ya injini na ya gia boksi mbalimbali. Kuzichanganya ni kuua gia boksi, ambayo bei yake inaweza kumaliza faida ya miezi mingi.

Mini ilipata sifa kwenye barabara ilizotengenezewa. Mnunuzi naye aanze na barabara yake na mzigo wake, ndipo atazame bei.