Sumu ya Kuazima: Siri ya Kipindupindu na Maji ya Nyumbani Mwetu



Baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja mtu mzima alinisimamisha mlangoni akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku ile. "Sheikh," akasema, "kisima chetu tunakinywea tangu enzi za bibi yangu. Vipi maji yale yale yawe salama miaka yote, kisha mwaka mmoja yatuingizie waba nyumbani? Ni husuda ya watu, ama ni madhambi yetu?" Nilimwahidi kwamba nitatafuta. Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo, kwani naamini swali lile si lake peke yake.

Waba, au kipindupindu, husababishwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Filippo Pacini alimwona kwa hadubini mjini Florence mwaka 1854, na Robert Koch akathibitisha habari zake huko Misri na Bara Hindi katika miaka ya 1883 na 1884. Makazi yake ya asili ni majini, hasa pale mto unapokutana na bahari na maji yakawa na chumvi kidogo. Huko hujibandika juu ya wadudu wa maji wadogo mno, akaishi maisha yake. Na hapa ndipo penye ajabu: wengi wa bakteria wa jamii hii hawana uwezo wa kumletea mtu kipindupindu. Basi huyu anayeua aliipata wapi silaha yake?

Jibu lilipatikana Marekani mwaka 1996. Watafiti wawili, Matthew Waldor na John Mekalanos, walionyesha kwamba vinasaba vinavyotengeneza sumu ya kipindupindu asili yake si bakteria. Vililetwa na kirusi. Naam, bakteria naye, pamoja na udogo wake wote, ana virusi vyake vinavyomwingia. Frederick Twort wa Uingereza aliviandika mwaka 1915, na mwaka 1917 Félix d'Herelle, aliyekuwa akifanya kazi Paris, akavipa jina la bakteriofaji, maana yake vyenye kula bakteria.

Virusi hivi vina tabia mbili. Vipo vinavyomwingia bakteria, vikazaana ndani yake, kisha vikampasua na kutoka kwa wingi kutafuta wengine. Na vipo visivyomuua. Hivyo huingia kama mpangaji, vikaweka vinasaba vyao ndani ya vinasaba vya mwenyeji, na bakteria akizaa, watoto wake wote huzaliwa na urithi ule. Kirusi cha kipindupindu ni cha namna hii ya pili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu akija, mwenyeji hugeuka muuaji.

Tena, mlango anaoingilia ni wa kuzingatia. Bakteria wa kipindupindu hutoa vijinywele vyembamba anapokuwa ndani ya utumbo, navyo humsaidia kukaa humo asikokotwe. Kirusi hushika vijinywele hivyo hivyo ili kuingia. Ndiyo maana watafiti wale waliona katika utumbo wa panya kwamba kirusi kiliwaingia bakteria kwa wepesi zaidi kuliko katika vyombo vya maabara. Kwa maneno mengine, tumbo la kiumbe laweza kuwa soko ambamo silaha hugawiwa. Kila mara maji yenye uchafu yanapopita vinywani mwetu, tunawafungulia soko hilo.

Sumu ikishatolewa, hushika seli za utumbo na kuzilazimisha zimwage chumvi na maji bila kukoma. Mgonjwa akaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na asipotibiwa aweza kufariki kwa saa chache. Kinachomuua ni kukaukiwa na maji mwilini.

Kipindupindu si pekee. Dondakoo, maradhi yanayoziba pumzi za watoto, nayo ni hivyo. Mwaka 1951, Victor Freeman wa Marekani alionyesha kwamba bakteria wa dondakoo wasio na madhara huanza kutoa sumu baada ya kuingiwa na kirusi. Chanjo ya dondakoo huufundisha mwili kuitambua sumu hiyo na kuizima. Hapa kwetu imo katika chanjo anazodungwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama asiikose hata moja.

Liko na funzo kuhusu dawa. Mwaka 2011, Ujerumani ilipatwa na mkurupuko wa maradhi ya kuhara damu, wakafariki watu zaidi ya 50. Bakteria aliyehusika alikuwa na sumu iliyoletwa na kirusi. Katika bakteria wa namna hiyo, baadhi ya antibiotiki humshtua kirusi aliyelala, akaanza kuzaana, na sumu ikamwagika zaidi. Kwa hiyo mtoto akihara, tusikimbilie dukani kununua antibiotiki kwa kukisia. Daktari huzitoa kwa mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa, lakini uamuzi ni wake baada ya kumpima.

Na Mwenyezi Mungu hakuumba maradhi bila ya kuyawekea mipaka. Katika maji yale yale vimo virusi vingine vinavyompasua bakteria wa kipindupindu. Watafiti wa Dhaka, Bangladesh, walieleza mwaka 2005 kwamba virusi hivyo vinapokuwa vingi katika maji, wagonjwa huwa wachache. Na mkurupuko ukipanda, navyo huongezeka hadi kusaidia kuuzima. Subhanallah! Lakini msaada huo huja baada ya watu kuugua na kuzikana. Si jambo la kulikalia kitako na kulingoja.

Basi mama yangu, jibu lako ni hili. Kisima hakikugeuzwa na jicho la jirani. Huenda mvua ilikokota uchafu wa choo, akaingia bakteria aliyebeba sumu ya kuazima, nanyi mkanywa kama mlivyozoea. Wala maradhi si alama ya dhambi ya aliyeugua. Tumezoea, waba ukiingia nyumba fulani, kunong'ona na kuikwepa, hata wenyewe wakaficha mgonjwa kwa haya mpaka akafia chumbani. Kufa huko kunazuilika, na ulimi wetu una sehemu ndani yake.

Yaliyo mikononi mwetu ni mepesi. Tuchemshe maji ya kunywa au tuyatie dawa ya klorini. Choo kiwe mbali na kisima. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kula na baada ya choo. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kufunika vyombo na akakataza kukojoa katika maji yaliyotuama, karne nyingi kabla ya hadubini. Huko Bangladesh, akina mama wa vijijini walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne, ikawanasa wale wadudu wadogo wanaobeba bakteria. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wagonjwa walipungua kwa karibu nusu. Leso kuukuu ya pamba yaweza kukunjwa vivyo hivyo maji yakiwa na tope, kisha maji yachemshwe, kwani kitambaa hakizuii bakteria wote.

Mtu akianza kuhara, aanze kunyweshwa papo hapo. Katika lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko. Anyweshwe kidogo kidogo akiwa njiani kwenda hospitali. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonyeshwa.

Na iwapo qadari imepita, maiti aoshwe kwa utaratibu wa wahudumu wa afya, kwa glavu na maji yenye klorini. Aliyemwosha asishike sufuria ya matanga. Heshima ya maiti haipungui kwa hadhari hiyo, na walio hai nao wana haki zao.

Mama yule nilimpelekea jibu wiki iliyofuata. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kuna jirani wa kumwomba radhi." Nikamwambia aanze na hilo, kisha akafunike kisima.

Mwenyezi Mungu atulinde na maradhi, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotutangulia. Amin. Wabillahi tawfiq.