Vyombo vya Kisasa na Neno la Kiswahili katika Upimaji wa Uwezo wa Kusikia

Katika sentensi «Usinywe dawa hii», konsonanti moja tu, yaani s, ndiyo inayobeba katazo. Mgonjwa asiyeisikia hupokea «Uinywe dawa hii»: agizo kamili, lenye mkazo mahali pale pale, lisilomtia shaka yoyote. Mfano huu waonyesha kwamba tiba ya masikio haiwahusu waganga peke yao. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya vyombo vya kisasa katika tiba hiyo, pamoja na sehemu ambayo vyombo hivyo vinawaachia wanaisimu.

Chombo cha msingi ni audiometa. Hutoa sauti moja moja, kwa kawaida kuanzia mitetemo 250 hadi 8000 kwa sekunde, na ukubwa wa sauti hizo hupimwa kwa desibeli. Mgonjwa huvaa visikizio na kutoa ishara kila asikiapo. Zamani kipimo hiki kilihitaji mashine nzito na chumba kisichopenya kelele; leo zipo audiometa zinazofanya kazi kwa simu ya mkononi, zinazoweza kupelekwa hadi kituo cha afya cha kijijini. Vifaa vya kusaidia kusikia navyo vimebadilika. Tangu 1996, vilipoanza kuuzwa vile vya kidijitali vinavyovaliwa sikioni, mtaalamu aweza kutumia kompyuta kuongeza nguvu ya sauti za juu bila kuzikuza mno zile za chini.

Jambo hilo ni muhimu kwa sababu uziwi wa uzeeni kwa kawaida huanza na sauti za juu. Irabu zina nguvu nyingi na hukaa chini. S hukaa juu, aghalabu kupita mitetemo 4000, tena ni dhaifu. Ndiyo maana wazee wengi hulalamika kwamba wanasikia watu wakisema, lakini hawaelewi wanalosema.

Hata hivyo, sauti ya mashine si usemi. Ili kujua kama mgonjwa anaelewa, sharti asomewe maneno naye ayarudie. Kwa Kifaransa, orodha zinazojulikana sana ni zile za Fournier za 1951, zilizojengwa kwa maneno ya silabi mbili. Lakini mama mzee asiyejua Kifaransa akipimwa kwa orodha hizo, kinachopimwa si sikio lake bali ni elimu yake. Kiswahili chahitaji orodha zake, na utungaji wake una mambo matatu ya kuangaliwa.

Kwanza ni umbo la maneno. Maneno ya Kiswahili yenye silabi moja ni machache. Yale ya silabi mbili yanafaa zaidi, hasa yanayotofautiana kwa konsonanti moja, kama vile fika, shika na pika. Kosa la mgonjwa katika maneno hayo laonyesha ni sauti gani inayompotea.

Pili ni tarakimu. Kipimo cha kusikiliza tarakimu tatu tatu ndani ya kelele kilianza Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Afrika Kusini ilikizindua kwa simu mwaka 2016. Kiswahili sanifu kina bahati hapa: kutoka moja hadi tisa, kila tarakimu ina silabi mbili, hata nne, ambayo n yake ya kwanza ni silabi kamili. Lakini sita na tisa hukaribiana, vivyo hivyo nne na nane. Tena Lubumbashi wengi husema ine na munane, na bei huhesabiwa mara nyingi kwa Kifaransa. Kipimo kilichorekodiwa pwani hakiwezi kuhamishwa huku bila kuchunguzwa.

Tatu ni kuhesabu makosa. Mgonjwa anayeambiwa «hapa» akajibu «apa», au anayeambiwa «dhahabu» akajibu «zahabu», hakukosea. Amesikia vema na kutamka kama kwao. Vivyo hivyo anayeweka l mahali pa r. Mpimaji asiyejua lahaja hiyo atamwandikia uziwi asio nao.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa kusikia, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Audiometa yaweza kununuliwa ng'ambo. Orodha ya maneno haina budi kukusanywa kutoka usemi wa watu wenyewe, kurekodiwa kwa sauti ya msemaji wa mahali, na kujaribiwa kwanza kwa wenye masikio mazima. Kazi hiyo yaangukia idara za Kiswahili, nayo yaweza kuanza hata kabla mashine haijafika.